Redio yetu ya wilaya imeuzwa mara tatu, sasa inatutangazia foleni ya Ubungo

Wakuu, salaam. Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la burudani, hapa hakuna burudani.

Jana saa 12 na nusu asubuhi nasubiri chai ichemke, nawasha redio. Jamaa anahangaika na foleni ya Ubungo na Mwenge. Sisi tuko Kanda ya Ziwa! Foleni tunayoijua huku ni ya ng'ombe wakienda lamboni. Masafa ni yaleyale, mnara ni uleule nyuma ya ghala la pamba, ila kinachotoka ni cha Dar kutwa nzima. Jioni kijana mmoja wa huku anaachiwa saa moja, nayo inaisha kwa matangazo ya kubeti.

Kwa wasioijua, hii ilianza kama redio ya jamii. Mwenye hela alichanga, asiye nayo alibeba mawe na mchanga. Baba yangu alibeba. Sitawadanganya kwamba ilikuwa redio ya maana sana: umeme ukikatika nayo inakata, na mtangazaji wa asubuhi alisoma magazeti kama mtoto wa darasa la pili. Lakini bei ya pamba ya AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, ilisomwa. Boti ikichelewa kutoka visiwani tuliambiwa. Ng'ombe akipotea anatajwa rangi mpaka alama ya sikio. Jumapili zilikuwa kadi za salamu, wazee wazima wana majina yao ya redioni, na ole wako umruke mmoja.

Kisha akaja mheshimiwa mtarajiwa, kabla ya uchaguzi wa 2020. Jina likabadilika, kila kipindi "kimedhaminiwa" na yeye. Akashindwa kwenye kura za maoni, hamu ya redio ikamwisha papo hapo. Redio ikachukuliwa na mchungaji mmoja: mapambio asubuhi, kutoa mapepo usiku. Hata waumini wenzake walichoka. Mwaka jana ikaenda kwa hao wa Dar, tukaamka tumekuta jina la tatu.

Swali langu moja tu: NANI ALIUZA? Mali ya watu waliobeba mawe imeuzwa kwenye kikao gani, muhtasari uko wapi, hela imeingia akaunti ipi? Wajumbe wawili wa bodi ni marehemu, mwenyekiti hapokei simu. Ninavyojua mimi leseni haihamishwi kwa mtu mwingine bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na leseni za utangazaji zinatolewa kwa ngazi: wilaya, mkoa, taifa. Sasa yenye ngazi ya wilaya inajaaje Dar kutwa nzima? Wanasheria wa humu nisaidieni.

Kilichonitoa machozi ni msiba wa baba mdogo. Zamani ungefika studio na karatasi, jero ya soda kwa mtangazaji, kufikia saa 1 ukoo mzima umeshajua. Safari hii nikaambiwa nilipie kwa namba ya Dar, tangazo "liingie kwenye ratiba". Likatoka kesho yake jioni, tumeshazika. Jina la marehemu limekosewa, na hawajamaliza vizuri inaingia promosheni ya mkeka wa kubeti. Shangazi yuko kisiwani, alilisikia hilohilo. Alifika siku ya tatu, akakuta udongo umekauka. Mpaka leo ananiuliza kwa nini nilimficha.

Mwenye nakala ya mkataba au muhtasari wowote wa kikao, PM iko wazi. Na wale wa "siku hizi redio ya nini, tumieni WhatsApp", nipiteni tu. Shangazi ana redio ya betri mbili, na kupata mtandao kwake ni mpaka upande mwamba.