Starlet, March au Vitz ya 1999: otomatiki ipi itahimili njia ya Tandahimba?

Mkunga_Tandahimba (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa kweli, maana pesa hii sitaipata tena karibuni. Nina milioni nne na nusu, za korosho za msimu huu pamoja na mchezo wa kuchangiana kwa zamu wa kazini. Nataka gari dogo la petroli, la mkononi, na lazima liwe otomatiki. Si anasa. Goti langu la kushoto liliumia kwenye ajali ya bodaboda, nikikanyaga klachi mara kumi tu usiku silali.

Kazi yangu iko Tandahimba, nyumbani ni Mtwara mjini, Magomeni. Ijumaa nateremka, Jumapili napanda. Mara moja kwa mwezi nampitia mama Nanyamba nampeleka kliniki hospitali ya Ligula, na yeye ngazi ya basi imeshamshinda.

Nimeona magari matatu hapahapa Mtwara, bei zinakaribiana. Starlet EP91 ya 1997, nyeupe, namba ya usajili ya herufi B, imechoka machoni. Nissan March K11 ya 1998, cc 1300, namba C, ndani safi mno, viti kama havijakaliwa. Halafu Vitz ya 1999, cc 1000, namba C, ile yenye saa za digitali za kuonyesha mwendo katikati ya dashibodi. Sitaki kuwaficha, moyo wangu uko kwenye March.

Fundi_Chikongola

Dada pole sana na goti. Mimi magari haya nayashika kila siku, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Achana na viti na rangi. Ukinunua otomatiki ya miaka ya tisini, unanunua gia boksi kwanza, mengine yanafuata. Injini za hizo tatu zote ni nzuri zikitunzwa. Tofauti iko kwenye kile kinachopeleka nguvu kwenye tairi.

Starlet EP91 ina injini ya 4E-FE, cc 1331, vali 16. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Corolla 111 za cc 1300, ndiyo maana spea yake huihangaikii. Otomatiki yake ni ya gia tatu tu, ya mtindo wa kizamani, inaendeshwa zaidi na mgandamizo wa oili kuliko kompyuta. Inakubali ATF (oili ya gia za otomatiki) ya kawaida ya Dexron, ile nyekundu inayouzwa kila duka la spea. Na ina adabu moja naipenda: haikufii ghafla. Inaanza kuchelewa kushika ukitoa N (huru) kwenda D (mbele), inaanza kuteleza kwenye mlima, unapata muda wa kujipanga.

March hiyo ni gari la heshima, nisiionee. Ilitoka 1992, na 1993 ikawa gari la kwanza la Kijapani kupewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Injini yake inazungusha vali kwa cheni, hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Shida yangu ni hiyo cc 1300 otomatiki. Nyingi zina N-CVT. Humo ndani hakuna gia unazozijua. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazojitanua na kujibana, na mahali pa kuanzia mwendo kuna klachi yenye unga wa chuma. Umeme ukipita, unga unashikana, gari linaondoka. Umeme ukisumbua, au unga ukichakaa, gari linatetemeka likianza kuondoka, au halishiki kabisa. Oili yake ni maalumu. Mwaka juzi nililetewa moja kwa kamba. Mtu alikuwa amemwaga ATF ya kawaida humo ndani akidhani otomatiki zote ni moja. Tulihangaika wiki tatu kutafuta gia boksi Dar, mwisho mwenye gari akaliuza vipande vipande. Mwanamama mwenye watoto wanne, alilia pale gereji mpaka nikashindwa kumtazama.

Vitz ilizinduliwa Januari 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Injini 1SZ-FE, cc 997, cheni, gia nne zinazoongozwa na kompyuta. Nzuri, ila kazi nyingi inafanywa na sensa na nyaya, na nyaya za gari la umri huo zimeshapita mikono mingi.

Kwa njia yako na mafundi waliopo kati ya Mtwara na Tandahimba, nasema Starlet, ikiwa nzima.

Lindi_Mitema

Fundi heshima yako, ila kwenye Vitz sikubaliani nawe. Ninayo mwaka wa nane sasa, napiga nayo Lindi hadi Dar mara kwa mara. Starlet ya gia tatu ukiifikisha mwendo wa 100 injini inalia njia nzima, maana haina gia ya kupumzikia. Ukishuka Mbagala kichwa kinauma, na petroli umeichoma. Vitz ikiingia gia ya nne inatulia, mnaongea kwa sauti ya kawaida. Ukifika daraja la Mkapa bado una mafuta ya kutosha.

Dada, ukienda kuiangalia nenda saa saba mchana. Zile saa za digitali zikishazeeka zinafifia, jioni zinaonekana vizuri ila jua likiwaka huoni unakwenda ngapi. Na chungulia ekzosi asubuhi inapowashwa kwa mara ya kwanza. Moshi wa bluu maana yake inakula oili.

Fundi_Chikongola

Mkuu kwa safari za Dar uko sahihi kabisa. Ila dada hajasema anakwenda Dar. Ana lami hadi Mnivata, mbele yake ni michepuko ya ujenzi na vumbi. Huko hata hiyo gia ya nne haiingii.

Korosho_Newala

Mimi nina March K11 mwaka wa sita, cc 1000, ina gia nne za kawaida, sio CVT. Wasikutishe na jina. Kujua ni rahisi: endesha taratibu huku unaongeza mwendo. Ukisikia inashtuka kidogo ikibadili gia, ni ya kawaida. Mlio ukipanda mfululizo bila mshtuko wowote, hiyo ni CVT.

Mzee_wa_Mikindani

Mwanangu, wote wanakuambia mambo ya injini. Mimi nakuambia uvue viatu ulale chini.

Huku pwani chumvi inakula gari kutoka tumboni. Niliporudi Mtwara baada ya kustaafu nilinunua Starlet ya zamani kidogo kuliko hiyo, EP82, ilikuwa inalala nyumba ya ufukweni Shangani. Juu inang'aa. Masika ya kwanza nikaanza kunusa harufu ya godoro lililolowa. Nikanyanyua zulia upande wa dereva, nikakuta limebadilika rangi kama majani ya chai. Nikabonyeza bati kwa kidole gumba, kikapita. Nikaiona barabara. Aliyeniuzia alikuwa amepaka rangi nyeusi nzito chini, juu ya kutu, ikaziba kila kitu.

Kwa hiyo nyanyua mazulia yote, na la buti pia, pale panapokaa tairi la spea. Gonga kwa mpini wa bisibisi chini ya milango na sehemu ambapo shokapu za nyuma zinashika bodi. Bati zima linalia kwa sauti kali, lililooza linajibu kama boksi la karatasi. Rangi nyeusi mpya kwa gari la umri huo mimi naihesabu kama kidonda kilichofungwa bendeji. Dada mkunga utanielewa.

Dereva_Masasi

Nyongeza kwa otomatiki za gia tatu. Siku ukipitiliza Newala ukateremka upande wa Masasi, ule mteremko usiushuke na D huku mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho. Weka 2, pakiwa pakali sana weka L, injini ikushikilie. Breki za vigari hivi ni ndogo, zikipata moto pedali inazama.

Na usikubali mtu akuwekee spesa ndefu, vile vipande vya kunyanyulia bodi, ili gari linyanyuke. Vishafti vinavyozungusha tairi vinakaa upande, raba zake zinapasuka, mchanga unaingia. Tairi nzuri za inchi 13 na shokapu nzima zinatosha. Kisafisha hewa kipige upepo kila wiki kwa vumbi la huko.

Mkunga_Tandahimba

Wakuu nimerudi. Jumamosi niliyazungukia yote matatu, nikafuata kila mlichoandika.

Vitz nilianza nayo. Saa za digitali zinaonekana vizuri, gari lepesi, nililipenda. Lakini nilipochomoa stiki ya oili ya gia, nikaipangusa kwa kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, nilichokuwa nacho kwenye mkoba, gozi likawa la kahawia iliyoiva, na harufu ya kuungua. Muuzaji akasema ndivyo ilivyo kwa gari lililotembea. Nikamshukuru nikaondoka.

March niliiomba niende nayo mpaka Mikindani na kurudi. Kwenda ilikuwa tamu jamani, laini kama inaelea, mlio unapanda mfululizo kama alivyosema dada wa Newala. Nikajua ni CVT. Tulipogeuza, injini imeshapata moto, nikasimama kwenye kilima makusudi nikaondoka tena. Ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa kinacheza. Nikarudia mara mbili, ni hivyohivyo. Nilisikitika kweli, kwa sababu viti vile na usafi ule nilishajiona ndani.

Starlet nimeikuta na kutu kidogo chini ya mlango wa kushoto nyuma, pengine bati linalia vizuri. Mazulia makavu. Gozi la pili likatoka na rangi nyekundu iliyokolea, halina harufu mbaya. N kwenda D inashika papo hapo, R hivyohivyo. Kilimani haikuteleza. Inapiga kelele ukikimbia, kaka wa Lindi ana haki yake, lakini mimi nakwenda 70. Mkanda wa taimingi mwenye gari hajui ulibadilishwa lini, ndipo nikapata mlango wa kushusha bei. Kashusha laki tatu.

Nilimchukua na mama tukiwa wote, maana siku hiyo alikuwa mjini. Aliingia mwenyewe. Akageuza mgongo, akakaa, akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine, bila mtu kumshika. March ilimpa tabu kidogo kutoka, Starlet hapana. Nimelipa nusu, nusu iliyobaki tukiandikishana Jumatano.

Fundi, nianze na nini?

Fundi_Chikongola

Umekagua kuliko mafundi wengi ninaowajua, hongera dada. Kutu ya mlangoni tutaikata kabla ya masika, ni kazi ya siku moja ya mchomeleaji.

Kwanza mkanda. Muda wake ni km 100,000, na kwa kuwa historia haipo tunauhesabu umekwisha. Usiununue bado. Nataka nifungue kava, nisome namba ya uliopo, ndipo tuagize Kariakoo pamoja na beringi yake. Ukipakiwa kwenye basi kesho yake unao. Oili ya gia tutabadilisha ile inayomwagika tu, tusiivuruge kwa kuisafisha yote kwa nguvu. Kwenye rejeta tutatoa maji ya bomba kama yamo, tuweke kulenti, maji maalumu ya kupoozea injini. Mpaka hapo usipande nayo Tandahimba.

Mkunga_Tandahimba

Nimekuelewa fundi. Jumapili hii napanda na basi kama kawaida. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi niko hapo na gari.