Walimu wa twisheni mnaokaririsha "anodi ni chanya siku zote", mnatuharibia watoto!!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimekasirika.

Mdogo wangu yuko form six PCB. Jana kaja na madesa ya twisheni, twisheni yenyewe tunailipia kwa kujibana, nafungua kwenye elektrokemia nakutana na herufi kubwa: ANODI CHANYA, KATHODI HASI, KARIRI. Chini yake seli ya Daniell, yaani betri ya mabamba mawili, zinki na shaba, halafu zinki imewekewa alama ya kujumlisha!! Jamani!

Hiyo ya anodi chanya ni ya elektrolisisi, pale unapoleta betri ya nje kuusukuma umeme kwa nguvu. Seli ya galvani inazalisha umeme yenyewe na humo anodi ndiyo hasi. Kote kote kisichobadilika ni kimoja, anodi ndipo elektroni zinapotolewa, kathodi ndipo zinapopokelewa. Sasa kwanini usianzie hapo?

Angalia potenshali sanifu za elektrodi, zile namba za volti zinazoonyesha metali ipi inavuta elektroni zaidi: zinki ina -0.76, shaba +0.34, mwenye namba ya chini ndiye anayetoa elektroni, kwa hiyo zinki ni anodi, na tofauti yao ni volti 1.10, basi. Na ukiiacha hiyo seli ifanye kazi, bamba la zinki linalika mpaka linakuwa jembamba, la shaba linaota shaba mpya juu yake, na ule ubuluu wa kopa salfeti, myeyusho ambamo bamba la shaba limezama, unapauka taratibu. Mtoto akiyaona hayo kwa macho yake hana haja ya kukariri chochote, ila maabara zenyewe zinafunguliwa mtihani ukikaribia.

Halafu kuna hawa wa "anodi ni ya kushoto". Kushoto ni utaratibu tu wa kuiandika seli kwenye mstari mmoja, mtunzi wa pepa akiugeuza mchoro mtoto afanyeje? Na wale wa "shaba ni kathodi", kama vile shaba imezaliwa nayo hiyo kathodi. Iunganishe na fedha, ile ya pete na cheni, yenye +0.80, uone kama shaba haijawa anodi ikaanza kulika yenyewe, na voltimita inakusomea kama 0.46. Nilimpa dogo swali hilohilo, namba zote ziko mbele yake, akajibu shaba kathodi bila hata kuziangalia. Na huyu dogo sio kilaza, form four kemia alipata A, ndivyo alivyofundishwa!

Na asije mtu hapa na habari za makosa ya uchapaji, kwenye hayo madesa kosa limerudiwa kila mchoro.

Wewe uliyeyauza, kama umo humu, waite wanafunzi wako uwarekebishie kabla hawajaingia kwenye pepa, na usiwatoze tena hela. Na walimu wa kemia mliopo, nyie darasani mnaianzaje hii topiki?