Haispidi au tipu za kabaidi kwa mashine ndogo ya kukereza?

Shafti20
Wakuu, salaam. Nina mashine ndogo ya kukereza, ya kukaa juu ya meza. Mota ni ya wati 550 na spidi yake ya juu ni mizunguko 2500 kwa dakika. Ilikuja na visu vitano vya kabaidi ya kuchomelewa, vile vyenye kipande cha kabaidi kilichochomelewa nchani na mipini iliyopakwa rangi.

Nakereza shafti ya chuma laini kutoka milimita 20 hadi 17.00 ili beringi ya 6203 ikae. Uso unatoka kama umetafunwa na panya na mashine inalia. Kinachoniumiza zaidi ni mkato wa mwisho. Nikiomba 0.05, kisu kinaburura tu juu ya chuma. Nikiongeza kidogo kinang'ata ghafla na kuondoka na 0.12. Shafti mbili zimeharibika hivyo, zote zimepitiliza.

Sasa nimebaki na njia tatu: niendelee na hivi visu nilivyo navyo, nitafute vishikio vya tipu za kubadilisha, au nichukue vipande vya feleji ya haispidi, ile chuma ngumu ya visu inayostahimili joto la kukata, nijifunze kunoa. Sijawahi kunoa kisu cha mashine hata kimoja. Mngekuwa nyinyi mngeanzia wapi?

TayaNne
Mkuu, kabla ya kununua chochote angalia kimo cha kisu. Chukua rula nyembamba ya chuma, mashine ikiwa imezimwa, ibane taratibu kati ya ncha ya kisu na shafti. Rula ikisimama wima, ncha iko sawa na kitovu cha shafti. Sehemu ya juu ikilalia upande wako, kisu kiko chini. Sehemu ya chini ikija upande wako, kisu kiko juu.

Kwa dalili ulizotaja nahisi kiko juu. Kisu kikiwa juu ya kitovu, tumbo lake linagusa chuma kabla ya makali, ndiyo maana kinaburura.

MzeeTupa
TayaNne kasema kweli, anza hapo. Mimi nitajibu swali la kuchagua.

Kwa mashine ya ukubwa huo, kijana wangu, mimi ningeanza na haispidi. Kabaidi ni ngumu kuliko haispidi, hilo halina ubishi. Lakini ni unga wa kabaidi ya tangisteni ulioshikanishwa kwa kobalti, na vitu vigumu vya namna hiyo humeguka. Kwa hiyo kiwandani makali ya tipu za kawaida za kukatia chuma hufanywa mviringo kidogo kwa makusudi ili yasivunjike. Ukiyatazama kwa kioo cha kukuza utaona ukingo umelala kidogo. Makali ya namna hiyo hayakati mpaka yasukumwe kwa nguvu, na mashine ndogo ikisukumwa inajipinda. Slaidi inayobeba kisu inarudi nyuma, shafti inakwepa, kisha nguvu ikizidi vyote vinarudi kwa mpigo mmoja. Hiyo ndiyo 0.12 yako.

Tazama na spidi. Haispidi kwenye chuma laini inataka kama mita 30 kwa dakika. Kwa shafti ya milimita 20 hiyo ni mizunguko 480 hivi, ambayo mashine yako inaifanya bila jasho. Kabaidi inaanza kufurahi kuanzia mita 100 na kuendelea. Tukisema 120, shafti hiyohiyo inataka mizunguko 1900, na mkato wa milimita 1 kwa mwendo wa 0.1 kila mzunguko utakula karibu nguvu yote ya mota yako. Shafti ikiwa ya milimita 10 utahitaji zaidi ya 3800, na huna.

Haispidi ilipotoka kampuni ya Bethlehem Steel kule Marekani, kwa kazi ya Frederick Taylor na Maunsel White mwishoni mwa karne ya 19, watu walishangaa kuona kisu kinakata huku ncha yake ni nyekundu kwa moto. Ilionyeshwa Paris mwaka 1900, na viwanda vikalazimika kuunda mashine nzito zaidi ili ziweze kuitumia yote. Kabaidi ilipoanza kuuzwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani miaka ya 1920 kwa jina la Widia, yaani "kama almasi", hadithi ikawa ileile: mashine zilizokuwapo hazikuitosha. Mashine ya mezani haifikii hata kikomo cha haispidi. Sasa kwa nini uanze na kitu ambacho huwezi kukipa kinachotaka?

KabaidiDamu
Mzee wangu, shikamoo. Hesabu zako nazikubali zote, ila hitimisho sikubaliani nalo.

Mashine yangu ni ndogo kama ya Shafti20 na nimetumia tipu miaka sita. Siri ni kuchagua tipu, kwa sababu watu wananunua yoyote yenye rangi ya dhahabu. Soma herufi za jina la tipu. CCMT 060204: C ya kwanza ni umbo la nyuzi 80, C ya pili ni mwanya wa nyuzi 7 chini ya makali, 06 ni urefu wa ukingo, 02 ni unene, na 04 ni mviringo wa ncha, milimita 0.4. Kwa mashine zetu usikubali kuuziwa CNMG. Ile N ya pili maana yake mwanya ni sifuri, tipu inainamishwa kwenye kishikio na inakata kwa kusukuma. Hiyo ni kazi ya mashine za tani kadhaa.

Halafu kuna CCGT. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya alumini, zimesagwa na kung'arishwa juu, na ukipitisha kucha unaona zinakwangua. Mimi nazitumia hata kwenye chuma laini kwa mkato wa mwisho. Makali yake ni mepesi, hayapendi kugongwa, lakini yanachukua 0.05 bila kuburura.

Kuhusu kufika kwenye kipimo: usijiachie kipande kidogo mwishoni. Ikibaki 0.60 kwenye kipenyo, igawe sawa, 0.30 na 0.30. Kata ya kwanza, pima, rekebisha ya pili kwa tofauti uliyoiona. Mashine itajipinda kiasi kilekile mara zote mbili, kwa hiyo utajua itakuangusha wapi. Mtu anayekata 1.00 kisha 0.04 anabahatisha.

Na faida moja ambayo mzee hakuitaja: tipu ikichoka naigeuza upande wa pili, skrubu moja, kimo kinabaki palepale. Sirudi kwenye jiwe.

DadaGia
Nimevunja tipu za kutosha kutoa ushahidi. Nilikuwa nakereza kipande cha pembe sita kuwa duara. Kila pembe inagonga, tak-tak-tak, na dakika ya tatu kona ya tipu ikaruka. Nikaweka nyingine ikaruka pia. Nikafunga haispidi, nikashusha spidi, kazi ikaisha kwa kisu kimoja.

Lakini siku niliyopewa boliti ngumu ya daraja la 12.9 niipunguze kichwa, haispidi ilitoa mlio mmoja na ncha ikawa butu. Tipu ikala kama kawaida. Ganda la juu la chuma cha kusubu nalo ni hivyohivyo, lina mchanga na ugumu, linasaga haispidi upesi sana.

Nyongeza kwa wanaotumia kabaidi: usizime mashine kisu kikiwa ndani ya mkato. Kitoe kwanza. Nyufa nyingi zinatokea pale chuma kinaposimama kikiwa kimeegemea makali.

Shafti20
Asanteni sana. Nimefanya kipimo cha rula na TayaNne umepatia: chini ilikuja upande wangu. Nilikuwa nimeweka vipande vitatu vya bati chini ya kisu kwa kukadiria kwa macho. Nimetoa kimoja cha 0.5 na rula imesimama. Mlio umepungua papo hapo, ila uso bado una mikwaruzo na mkato mwembamba bado unasumbua.

Hivi visu vya kuchomelewa havifai kabisa, au?

NoaPolepole
Vinafaa ila vinauzwa vikiwa havijanolewa vizuri. Jiwe la kijivu la kawaida haliwezi kabaidi, linaufanya ukingo uwe mviringo tu. Inatakiwa jiwe la kijani la silikoni kabaidi, au gurudumu la almasi ambalo ni bora zaidi. Shikilia ukingo pale mpaka uone mstari mmoja safi. Usikichovye kwenye maji kikiwa cha moto, kitapasuka. Na vaa barakoa ya vumbi, hili nalisema kwa uzito wote. Vumbi la kabaidi lina kobalti na linaharibu mapafu.

Kwenye gurudumu la almasi usinoe chuma. Joto likipanda almasi inaliwa na chuma, na gurudumu linakwisha haraka.

MzeeTupa
KabaidiDamu, marahaba. Hilo la kugawa mkato wa mwisho sawasawa ni la kweli kwa kisu chochote, na kila mgeni alishike. Na CCGT sina ugomvi nazo, kwa sababu umeifuata ileile hoja yangu: makali yaliyochongoka.

Shafti20, nakueleza kunoa kama ninavyomfundisha mtu akiwa amesimama karibu nami. Chukua kwanza kipande cha chuma laini cha mraba, milimita 8, cha kujifunzia. Ukikiharibu hujapoteza kitu. Miwani machoni, glavu mkononi hapana kabisa, na meza ya jiwe iwe karibu na jiwe, pengo lisizidi milimita 3.

Kisu kina sura tatu za kunoa. Sura ya kwanza ni ubavu wa kushoto, ndio utakaokata ukielekea kwenye chaki, yaani kibanio kinachozungusha shafti. Inamisha meza nyuzi 10 hivi ili jiwe lile zaidi chini kuliko juu. Sukuma kwa mwendo wa kwenda na kurudi, usitulie mahali pamoja. Tazama cheche. Mwanzoni zote zinashuka chini ya kipande. Zikianza kupanda na kupita juu ya ukingo, jua jiwe limefika kwenye makali, acha hapo.

Sura ya pili ni mbele. Nyuzi 10 tena kwa chini, na kona irudi nyuma kidogo ili ncha pekee ndiyo iguse shafti.

Sura ya tatu ni juu. Hapa ndipo watu wanaogopa na kupaacha, na hapa ndipo kisu kinapata uhai wake. Kwa chuma laini nainamisha nyuzi 12 hadi 15 kuelekea kulia, mbali na makali ya ubavu, ili maranda yapate njia ya kuteleza. Usile ncha yenyewe, ukiishusha utapoteza kimo. Kwa brasi acha juu tambarare kabisa, vinginevyo kisu kitajivuta ndani.

Kipande kikichoma vidole, chovya kwenye maji. Ukingo ukigeuka rangi ya majani makavu au buluu usihangaike, haispidi hailegei kwa joto hilo, inastahimili mpaka karibu na nyuzi 600. Ila ukikiacha kiive mpaka kiwe chekundu halafu ukakitosa kwenye maji, utapata nyufa ambazo huzioni.

Mwisho chukua jiwe dogo la mafuta, lile laini. Lilaze bapa juu ya kila sura, piga mara ishirini hivi mpaka ukingo wote ung'ae bila mistari ya jiwe kubwa. Ipe ncha mviringo kidogo tu, kama milimita 0.4. Kijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: kikiteleza rudi kwenye jiwe, kikikwama kiko tayari.

TayaNne
Kwa anayeogopa sura tatu, kuna kishikio cha kisu cha kusimama, ambapo kipande cha haispidi kinasimama karibu wima na unanoa uso mmoja tu wa juu. Kinakuja na kifaa cha kukishika kwa pembe sahihi. Mimi natumia hicho kwa kazi za kila siku, na tipu nimebakiza kwenye sanduku kwa ajili ya chuma kigumu.

Shafti20
Wakuu nimerudi. Jumamosi yote nimekuwa kwenye jiwe. Kipande cha chuma laini kimetoka vibaya, haispidi ya kwanza ilikuwa na sura tatu juu ya sura moja, ya pili nilikwenda polepole na zile cheche niliziona zikipanda kama mzee alivyosema. Nikamalizia kwa jiwe la mafuta.

Mizunguko 480, tone la mafuta, mwendo wa mashine 0.08. Maranda yametoka marefu, yamejikunja, na uso unaakisi taa. Ilipobaki 0.60 nikaigawa. Baada ya 0.30 ya kwanza maikromita ikasoma 17.32, nikaweka 0.32, ikasoma 17.00. Nikapitisha kisu tena bila kuongeza chochote na kikatoa vinyuzi vyembamba kama nywele. Ikashuka hadi 16.995. Beringi imeingia kwa kusukuma na kidole gumba.

Nimebaki na swali moja. Shafti nataka kuikata itoke kwenye kipande kirefu, na mara ya mwisho kisu cha kukatia kilijibana nikakivunja.

DadaGia
Hongera sana kaka! Kwa kukata: kisu chembamba cha haispidi, milimita 2, kitoke nje kwa urefu unaohitajika tu. Kiwe kimo sawasawa na wima kabisa kwa shafti. Katia karibu na taya za chaki kadiri uwezavyo, spidi nusu ya ile ya kukereza, mafuta mengi. Funga slaidi ya juu na behewa linalotembea kwa urefu wa mashine, visicheze. Halafu sukuma bila kusita, mkono mmoja mwendo mmoja. Ukisita kinasugua, chuma kinakakamaa, na hapo ndipo kinapojibana. Maranda yakijaa ndani ya mfereji, toa kisu, safisha kwa brashi, rudi.

KabaidiDamu
Na usishikilie kipande kwa senta, ile ncha ya kwenye mkia wa mashine, unapokata. Kipande kiachwe huru, kishikiliwe na chaki peke yake, kisijibane juu ya kisu.