Maunti za injini kwa pikapu ya zamani iliyobadilishwa injini: raba, poliyurethani au chuma kitupu?

Swali

Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya mwaka 1967 ambayo niliitoa injini yake ya awali ya silinda 6 za mstari, nikaiwekea V8 (silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) ya petroli na gia boksi ya mkono ya gia 4. Braketi zilichomelewa upya kwenye chesi (fremu ya gari), na kwa haraka yangu ya kuiona gari inatembea, nilifunga maunti (vishikizo vinavyoibeba injini juu ya chesi) zilezile za raba zilizokuja na injini bila kuzikagua. Wiki iliyopita nilipokuwa nikipanda mlima kwa gia ya kwanza nilisikia kishindo, feni ikakwangua kava yake, na nilipofungua boneti nikakuta raba ya kushoto imeachana kabisa na bamba lake, ilhali ya kulia haina hata ufa. Fundi mmoja ananishauri nifunge za poliyurethani (plastiki inayofanana na raba ila ngumu zaidi). Mwingine anasema nikate vipande vya chuma na kuikaza injini moja kwa moja kwenye chesi. Gari ni la matembezi na mizigo midogo. Nichague zipi, na kwa nini ife ya kushoto peke yake?

Jibu la kwanza

Ndugu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya V8 kama yako huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka mbele, kwa hiyo mwili wa injini husukumwa kinyume chake: ukiwa umekaa kwenye usukani, upande wa kulia unakandamizwa na wa kushoto unanyanyuliwa. Tena gia boksi imefungwa na injini zikawa kitu kimoja, hivyo nguvu inayopambana na maunti ni ile inayotoka kwenda kwenye propela shafti (inayopeleka mzunguko magurudumu ya nyuma), ikiwa imeshazidishwa na gia. Injini ikitoa nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 400 na gia ya kwanza ikazidisha mara 3, hizo ni Nm 1,200. Maunti zikiwa zimeachana sentimita 60, moja inakandamizwa kwa takribani kilo 200 za ziada na nyingine inavutwa juu kwa kiasi hichohicho, ambacho ni zaidi ya uzito wa injini unaoilalia. Raba huvumilia sana kukandamizwa, lakini pale ilipogandishwa kwenye chuma haipendi kuvutwa, na ikishalowa oili huachia mapema zaidi.

Ushauri wangu ni raba, ila tafuta zile ambazo vyuma vyake vya juu na chini vimevaana, ili raba ikikatika injini isiweze kuinuka. Hili si jambo la kubuni: mwaka 1971 General Motors iliyaita magari ya Chevrolet zaidi ya milioni 6 kwa sababu injini iliweza kunyanyuka maunti ikikatika na kuvuta eksileta, na dawa yake ilikuwa kamba ya waya ya kuizuia isipande.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, na nitaongeza habari ya chuma kitupu kwa kuwa nilikipitia mwenyewe. Chesi za pikapu za umri huo hujipinda gurudumu moja likiingia shimoni, na raba ndiyo inayoiruhusu ijipinde bila kuisumbua injini. Mimi niliikaza injini kwa chuma mbele na gia boksi kwa chuma nyuma, nikafurahia jinsi ilivyotulia kwa muda mfupi tu, kisha sikio la gia boksi (sehemu yake inayofungwa boliti) likapasuka. Kioo cha pembeni nacho kilitetemeka kiasi kwamba sikuweza kutambua gari lililo nyuma yangu. Poliyurethani haidhuriki upesi kwa oili na haibonyei sana, lakini huleta mtetemo kwenye kebini injini ikiwa kwenye silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Ukiitaka sana, ifunge mbele na uiachie gia boksi raba yake.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimekagua na kukuta gasketi ya kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini unaofunika vali) upande wa kushoto inavuja, na oili ilikuwa ikidondokea palepale kwenye raba. Je, nikipata maunti zinazovaana, nikaze tu kwenye braketi zilizopo?

Jibu la kwanza

Ziba uvujaji kwanza. Kisha iteremshe injini kwenye maunti mpya boliti zikiwa zimelegea, uone kama matundu yanakutana yenyewe. Ukilazimika kuyavuta kwa mtaimbo, braketi imechomelewa kombo, na raba itaanza kazi ikiwa tayari imepindwa. Ukilazimika kuchomelea upya, gusisha kwa vituo vidogo injini ikiwa mahali pake, halafu itoe pamoja na maunti kabla ya kumalizia, kwani joto huiharibu raba. Pima pia mwinamo wa gia boksi dhidi ya difu (gia za ekseli ya nyuma), maana injini ikipanda au kushuka krosi (viungio vinavyopinda) za propela shafti hubadilisha pembe. Boliti zikazwe mwisho, injini ikiwa imelala kwa uzito wake wote, na usisahau waya mnene wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) kati ya injini na chesi, kwa kuwa raba haipitishi umeme na stata itautafuta mkondo wake kupitia waya wa eksileta.

Muulizaji

Huo waya wa ethi sikuwa nao kabisa. Sasa naelewa kwa nini waya wa eksileta ulikuwa ukipata moto kila nikipiga stata.