Eti `eth0.ipaddr=` ni kigeu cha sheli? Tujadili

Mzee wa Siriali: Wadau, kwenye butiloda (programu inayoiamsha bodi kabla ya mfumo endeshi) ya U-Boot naandika `setenv ipaddr 192.168.0.7`, yamekwisha. Nimehamia barebox, ile iliyoitwa U-Boot v2 mpaka 2009, huko ni `eth0.ipaddr=192.168.0.7`: kifaa, nukta, kigezo, eti kama kigeu (jina linalotunza thamani) cha sheli, pale pa kuandikia amri. Kiinimacho hiki! Kigeu kazi yake kutunza neno tu. Juzi nimeandika `fb0.enable=1`, skrini ikawaka. Tangu lini alama ya "sawa na" ikawasha skrini? Haya wanayapenda vijana wa kukopi na kubandika.

Binti Kerneli: Shikamoo mzee. Skripti uliyotubandikia wiki jana ilikuwa na `setenv ipadr`, d moja. U-Boot ikanyamaza, ikakutunzia kigeu kipya, wewe ukakesha unabadilisha kebo. barebox ingekukatalia palepale: eth0 haina kigezo hicho.

Mzee wa Siriali: Ile ilikuwa kibodi.

Chuma Chakavu: Kibodi tena 😂 Ila mzee msimwonee. Mimi niliacha nafasi huku na huku ya "sawa na", sheli ikadhani `eth0.ipaddr` ni amri, ikasema haiijui. Nusu saa natafuta mchawi.

Msomi wa Bodi: Na ukizima umeme si inapotea?

Binti Kerneli: Weka kwa `nv dev.eth0.ipaddr=192.168.0.7`, halafu `saveenv`.

Msomi wa Bodi: Sawa. Shida yangu ni urahisi huu ukifika kwa mafundi wa mtaani. Watapachika `ethaddr` (anwani ya MAC, ambayo kila bodi inapaswa kuwa na yake kwenye mtandao) moja bodi zote. U-Boot angalau ikishaiweka, kwa kawaida inagoma kuibadilisha.

Chuma Chakavu: Mafundi wa mtaani ndio nani? Taja.

Msomi wa Bodi: Sijakutaja ndugu.

Chuma Chakavu: Umenitaja. Sasa sikia. Nililetewa bodi 12, mtandao unakuja unakatika, ukiichomoa moja nyingine inapona. Zote `ethaddr` ileile! Aliyeziandaa ana shahada, alikopi flashi (kumbukumbu ya kudumu) nzima ya bodi ya kwanza, vigeu na vyote, akaibandika kwenye 11 zilizobaki. Hakuandika `setenv` hata moja.

Mzee wa Siriali: Kukopi na kubandika, nilisema mimi.

Binti Kerneli: Mzee, hapo ilikuwa U-Boot yako.

Msomi wa Bodi: Bodi hazikuwa na stika ya MAC mgongoni?

Chuma Chakavu: Zilikuwa nazo. Kila moja na yake.