Naomba ushauri: GPS kwenye laptopu kwa safari ya Dodoma hadi Matema na familia

BabaWatatu_Dom
Wakuu, habari za jioni.

Desemba hii, Mungu akijalia, nakwenda ukweni Matema, Ziwa Nyasa, na mke wangu na watoto watatu. Tunatoka Dodoma kwa gari letu, Noah. Mwaka jana tulitumia simu yangu kuangalia njia. Kwa jua la dashibodi ikachemka, ikajizima tumeshapita Mafinga na giza linaingia. Msoma ramani ni mke wangu, na macho yake yana shida ya muda mrefu, kioo cha simu kinamchosha. Alisema jambo moja ambalo sijalisahau: "Nikikosea mimi, tunapotea sote sita," maana na mama yangu alikuwemo.

Nina laptopu ya inchi 14, Windows 10, ipo tu nyumbani. Nikaona hii ndiyo ramani yake. Ila nimekwama. Nikifungua ramani, kidoti kinaniweka Dar es Salaam wakati nipo Kisasa, Dodoma. Nimenunua kipokezi kidogo cha GPS cha USB, kile kama flashi. Taa yake inapepesa, lakini programu ya ramani ya Navit niliyoweka inasema haioni GPS. Na kuna programu nyingine niliyoiomba njia ya kwenda Mbeya, ikanipitisha Manyoni, Itigi, Rungwa, Chunya. Ile njia siijui kabisa.

Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Ninaenda na watoto, sitaki kubahatisha.

FundiMawimbi
Mkuu, tuanze na hicho kidoti cha Dar. Laptopu nyingi hazina GPS ndani. Kinachotokea ni kwamba Windows inakisia ulipo kwa Wi-Fi zilizo jirani, na ikikosa hizo inaangalia anwani ya intaneti yako. Mtandao wako ukiwa unatokea Dar, na wewe unahesabiwa uko Dar. Ukifika Mtera ambako hakuna Wi-Fi hata moja, usitegemee chochote kutoka hapo.

Kipokezi chako kama ni hivi vya flashi, mara nyingi ndani kina chipu ya kampuni ya u-blox. Kwenye vile vya aina hiyo taa huanza kupepesa kikishakamata setilaiti, kwa hiyo chenyewe kinaelekea ni kizima. Shida ninayoihisi: Windows 10 inakipokea na kukipa draiva (programu ya kukiendesha) ya "kihisi cha mahali" badala ya poti ya COM, yaani mlango wenye namba ambao programu husomea data ya kifaa. Programu zinazouliza mahali kutoka Windows yenyewe zitakiona, lakini programu za ramani kama Navit au QGIS zinatafuta COM3 au COM5, na hazikuti kitu. Ingia kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta kwenye kundi la vihisi, chagua kubadilisha draiva kwa mkono, kisha uchague ile ya kifaa cha USB cha siriali. Namba ya COM itatokea. Rudi utuambie.

BabaWatatu_Dom
Nimefanya mkuu. Kweli kilikuwa kwenye vihisi! Sasa ni COM4. Nimefungua programu ya kusoma poti, nikaweka kasi ya kusoma data 9600, inapita mistari ya taarifa za GPS inayoanza na $GPRMC na $GPGGA. Ila nimeona 0610 kisha S, na 03544 kisha E. Dodoma si iko 6.17? Kinanipeleka wapi hiki?

FundiMawimbi
Kiko sahihi kabisa. Hiyo ni digrii 06 na dakika 10, wala si 6.10. Gawa dakika 10 kwa 60 unapata 0.17 hivi. Na 03544 ni digrii 35 na dakika 44, yaani 35.73 na kidogo. Uko Dodoma, kaka. Programu yenyewe inafanya hesabu hiyo, wewe ipe tu COM4 na hiyo 9600. Kwa wengine watakaosoma hapa: vile vipokezi vya zamani vyenye waya mrefu na sumaku chini, kama BU-353, vingi vinataka 4800. Ukiona herufi za ajabu zisizosomeka, kifaa hakijafa, umekosea kasi tu.

Mzee_wa_Scania
Mwanangu, mimi nimeendesha malori miaka mingi, Tunduma naijua kama sebule yangu. Hiyo njia ya Itigi na Rungwa ipo, haijakudanganya. Lakini inapita kando ya pori la akiba la Rungwa, kipande kirefu ni cha vumbi, na Desemba mvua imeshaanza. Gari lako ni la chini. Ukinasa kule, unakaa na watoto kwenye gari ukisubiri lori lipite, na simu haina mtandao. Mara ya mwisho nilipopita tulikaa usiku mzima kwenye tope, na tulikuwa watu wazima watatu wenye majembe. Usiende huko na familia.

Pita Mtera, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Mbeya. Ni lami. Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu hadi Kyela. Kule wilaya ya Rungwe, huko Tukuyu, ukungu na mvua ni kawaida, upite mchana.

BabaWatatu_Dom
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na nashukuru sana. Nilikuwa nimeshaanza kuiamini ile njia kwa sababu ilionekana fupi kidogo.

Mzee_wa_Scania
Marahaba. Fupi kwenye karatasi.

DadaRamani
Naomba niongeze kwenye alichosema mzee, maana kazi yangu ni ramani na hili linaniuma kila msimu wa mvua.

Programu hizi nyingi zinatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Kila barabara ina lebo: ni kuu, ya mkoa, ya kijiji, na wakati mwingine ni ya lami au ya vumbi. Programu inachukua lebo ya daraja la barabara, inaikadiria mwendo, inajumlisha muda. Pale ambapo mchoraji hakuandika uso wa barabara, programu nyingine inachukulia kwamba barabara kuu ya Rungwa na barabara kuu ya Iringa zinapitika kwa mwendo mmoja. Haijui tope, haijui mwezi Desemba. Ndiyo maana ulipelekwa huko, hasa kama uliiacha kwenye "njia fupi" badala ya "njia ya haraka".

Kwa hiyo fanya hivi: usiiombe njia ya Dodoma hadi Matema kwa mkupuo. Weka vituo wewe mwenyewe, Mtera, Iringa, Makambako, Mbeya, Tukuyu, Kyela, Matema. Programu inabaki na kazi ya kuunganisha vituo, uamuzi wa njia ni wako. Na data ya ramani ya Tanzania ipakue ukiwa nyumbani, usitegemee bando njiani. Kisha zima intaneti kabisa na uijaribu. Ikifanya kazi bila mtandao sebuleni, itafanya kazi na porini.

Na ukikuta barabara ya ukweni imekosewa au haina lebo, irekebishe ukirudi. Yeyote anaweza kufungua akaunti. Atakayepita baada yako ana watoto pia.

Kijana_wa_Airport
Kwa heshima zote, mimi naona laptopu ni mzigo. Simu yenye Organic Maps au OsmAnd inatosha, ramani unapakua bure, inaongea yenyewe, inakula betri kidogo. Tatizo la kuchemka linatibika: usiiweke juani, ishikilie mbele ya tundu la AC, na usichaji huku kioo kina mwanga wa mwisho.

DadaRamani
Kwa dereva aliye peke yake nakubaliana nawe. Hapa kuna mtu wa pili ambaye macho yanamsumbua, na anataka kuona Iringa yote kwa mara moja, si mita mia tano za mbele. Wabebe vyote viwili. Simu iongee kona kwa kona, laptopu iwe ya mama watoto.

FundiMawimbi
Umeme sasa, maana hapa wengi wanaungua. Noah inatoa volti 12, chaja ya laptopu ya kawaida inataka 19 hivi. Kama laptopu yako inachaji kwa USB-C, nunua chaja ya gari yenye wati 65 na umemaliza. Kama sivyo, inveta ndogo (kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani) ya wati 150, na uiwashe injini ikiwa inanguruma. Zima ile mipangilio ya kompyuta kulala na ya USB kukatiwa umeme ili kupumzika, vinginevyo kipokezi kitapotea kila mara. Kama diski ni ya zamani inayozunguka, badilisha iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, maana mitikisiko ya barabara haiipendi.

Na laptopu isikae juu ya dashibodi mbele ya abiria. Airbag ikifumuka itamrushia usoni. Mama akae safu ya kati, nyuma ya dereva, laptopu kwenye mapaja juu ya ubao, kipokezi kwa waya wa kurefusha hadi dirishani kikiangalia juu.

BabaWatatu_Dom
Wakuu, narudi na majibu. Jumamosi tumejaribu Dodoma hadi Mtera na kurudi. Mke wangu alikaa nyuma kama mlivyosema. Mwanzo kipokezi kilichukua dakika kama tatu kupata mahali, baada ya hapo hakikukatika. Navit ilikuwa bila intaneti kabisa. Alikuwa anatuambia kijiji kabla hatujakiona, na tulipofika bwawani alisoma maji upande upi kabla yangu. Alifurahi, wakuu. Alisema mara ya kwanza anasoma ramani bila kichwa kuuma.

Kilichobaki ni jua. Saa saba mchana kioo kilikuwa hakisomeki hata kwa mwanga wa mwisho. Kuna anayejua dawa?

Mzee_wa_Scania
Khanga, mwanangu. Bana moja kwenye dirisha la upande wa jua, nyingine aitupie juu ya kichwa na laptopu pamoja. Ndivyo tulivyokuwa tunasoma karatasi za mzigo.

DadaRamani
Na ubadilishe ramani iwe ya rangi za usiku au za mchana mkali, Navit ina mipangilio kadhaa. Herufi nyeusi juu ya nyeupe, ondoa rangi za misitu. Mwambie mama ajaribu zote mbili akuambie ipi inamfaa.

BabaWatatu_Dom
Khanga anazo nyingi. Tunaondoka tarehe 20 alfajiri. Nikifika Kyela nitaandika hali ya barabara hapa kwa wanaokuja nyuma.