Zebaki kwenye satelaiti: marufuku ya Bali ilikuwa ya haki?

Mtoa hoja:
Wakuu, Machi 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikutana Bali, Indonesia, zikakubaliana kwamba ikifika 2025 zebaki isitumike kusukuma satelaiti wala vyombo vya anga za juu. Mimi naunga mkono. Injini ya ioni haichomi kitu. Inaipokonya atomi elektroni, umeme unaitupa nyuma kwa kasi kubwa, chombo kinasonga. Sasa satelaiti ikiwa kilomita mia kadhaa tu juu yetu, kinachotupwa kinaweza kuturudia, na zebaki ikirudi huishia baharini, kwa samaki, mezani. Watu wa Minamata, mji wa Japani uliopewa jina la mkataba, walishayaona hayo.

Fundi Mitambo:
Mkuu, tuweke hisia pembeni. NASA ilijaribu zebaki angani 1964, ikarudia 1970, na injini zilifanya kazi. Atomi yake ni nzito kuliko ya zenoni, gesi inayotumika sana kwenye injini hizi, inaachia elektroni kwa urahisi, tena ni kimiminika, haihitaji mtungi wa shinikizo. Zenoni je? Lita milioni 11 hivi za hewa zinakupa lita moja! Psyche, chombo cha NASA kilichorushwa 2023, kimebeba zaidi ya kilo 1,000 za gesi hiyo. Na chombo kama hicho kinachokwenda kwenye asteroidi kitaleta vipi zebaki mezani kwako?

Mkazi wa Geita:
Mimi kinachonishangaza ni kingine. Huku wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma na kuvuta moshi wake. Hao mkataba unawaambia wapunguze, na pale inapowezekana waache. Satelaiti zinakatazwa moja kwa moja. Au ni kwa sababu hazina kura?

Mtoa hoja:
Ndugu yangu wa Geita, mchimbaji ukimnyang'anya zebaki leo, kesho watoto wake wanakula nini? Wenye satelaiti wana pa kukimbilia. Starlink, wenye satelaiti za intaneti, walianza na gesi ya kriptoni 2019, na 2023 wakarusha zinazotumia agoni, gesi ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa hii tunayovuta. Watapungukiwa na nini?

Fundi Mitambo:
Umeme! Agoni ni nyepesi na inang'ang'ania elektroni zake. Starlink wana paneli kubwa za jua. Kisatelaiti cha ukubwa wa mkate hakina.

Dada wa Maabara:
Kaka Fundi, mbona mnaisahau iodini, madini joto yale yale ya kwenye chumvi? Uzito wake unakaribia wa zenoni, na inakaa kama jiwe, haitaki mtungi wa shinikizo. Unaipasha moto kidogo tu inakuwa mvuke. Kampuni ya ThrustMe ya Ufaransa waliijaribu angani kwenye satelaiti ndogo ya Kichina iliyorushwa 2020, ikasogea. Ubaya wake inakula metali, kwa hiyo mabomba lazima uyachague.

Fundi Mitambo:
Hapo sawa, dada. Kwa visatelaiti nimekubali. Lakini safari za mbali hamjanijibu.

Mtoa hoja:
Nakujibu. Injini ya akiba ya Deep Space 1, chombo cha NASA cha safari za mbali, ilipimwa hapa hapa duniani kwa zaidi ya saa 30,000, ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa. Ilikuwa zenoni, gesi isiyodhuru mtu. Ingekuwa zebaki, kuta za chumba hicho ungezisafisha wewe?